Utando wa Bwawani na Mbwa wa Ng'ambo

Chini ya mlima Kirinyaga, upande wa mawio ya jua, palikuwa na ufalme wa wanyama uliojinyoosha kuanzia mashamba ya chai yanayopakana na msitu, ukateremka kwenye kahawa na migomba, ukavuka Thuci na vijito vingine vingi, hata ukaishia katika nyika ya migunga na mibuyu ambako mto Tana, ambao wenyeji huuita Thagana, hupita mwekundu kwa udongo wa mashamba ya juu. Mfalme wa nchi hiyo alikuwa Simba, aliyejinasibisha na ukoo wa Elsa, yule simba jike aliyezikwa katika mbuga ya Meru mwaka 1961 baada ya kuandikiwa kitabu kilichosomwa dunia nzima. Na kwa kuwa nasaba ilikwisha kumtosha, hakuona haja ya kuongeza kazi. Shughuli za utawala aliwaachia waheshimiwa wa baraza, ambao walikutana chini ya mugumo mkubwa kila waliposikia kwamba kikao kina posho.

Binadamu waliopakana nao walikuwa wameufunga mto ule mara tano, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, wapate umeme wa kuwashia taa miji ya mbali. Wanyama hawakuwa na taa wala hawakuzitaka, lakini hamu ya kuiga haina dawa, nao wakakiziba kwa udongo kijito kimoja cha nyikani, wakapata bwawa la kiasi chao. Lilikuwa ndilo jambo pekee la maana ambalo ufalme ule ulilifanya kwa miaka mingi. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, paa na kanga wa upande wa chini, waliokuwa wamezoea kutembea usiku kucha kutafuta maji kila kiangazi, wakanywa hapo, wakazalia hapo, na watoto wao wakakua bila kuzijua njia za zamani za kwendea mtoni.

Ikafika miaka ambayo wakubwa wa nchi ya juu walitaka mavuno mengi kwa muda mfupi. Wakamwaga mbolea ya viwandani hata udongo ukashindwa kuimeza, na masika ilipokuja ikaisomba. Miji nayo ikaotesha nyumba kabla ya kuchimba mitaro, na kila kilichotoka vyooni kikajitafutia njia ya bondeni. Vyote hivyo viliteremka pole pole vikatua bwawani, wala hakuna aliyeviona vikipita, kwa sababu vilipita usiku pamoja na mvua, na mvua kila mtu huishukuru. Kisha kiangazi kikaingia, maji yakatulia, jua likashika nguvu, na asubuhi moja wakazi wa nyikani wakaamka wakakuta bwawa lao limevaa joho la kijani. Kusema kweli lilipendeza, na wako waliowaleta watoto walione. Upepo wa mchana ukausukuma ule utando hadi kwenye ukingo mmoja, ukajirundika hapo ukawa mzito, na ukingo huo ndio waliounywea mbuzi. Wa kwanza alianguka kabla ya adhuhuri. Wengine wakamfuata siku zilizofuata, na waliopasuliwa walikutwa maini yao yamevimba yakajaa damu.

Baraza likaitwa. Msimamizi wake alikuwa Bundi, mnyenyekevu na msomi, ila tatizo lake lilikuwa moja, kwamba vikao vilifanyika mchana. Wa kwanza kutoa ushahidi alikuwa Kambare, aliyeletwa ndani ya beseni, maana ndiye aliyekaa na ule utando nyumba moja. Alizungumza kwa ufupi, kama azungumzavyo mtu ambaye hawezi kukaa sana nje ya maji. Akasema kwamba kile walichokiona kuwa kitu kimoja kilikuwa viumbe maelfu kwa maelfu, wadogo hata ukiwapanga mia mbili hivi kwa mstari hujaza milimita moja tu. Kwamba wenye elimu huwaita sainobakteria na ukoo wao huitwa Mikrosistisi. Kwamba ndani ya miili yao mna vifuko vya hewa vinavyowaelesha juu wapate jua. "Chakula chao, waheshimiwa, ni fosforasi na naitrojeni," akasema, "na vitu hivyo havikuota bwawani, vimeshuka kutoka huko mlikotoka ninyi asubuhi hii. Wakishiba huzaana, na wakizaana hutoa sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Msidhani mtawashinda kwa kuchemsha maji, kwani moto huwapasua tu, na sumu ikabaki katika sufuria. Shirika la Afya Duniani limesema lita ya maji ya kunywa isizidi maikrogramu moja ya sumu hiyo. Basi zuieni kinachoshuka, na kwa leo wazuieni mbuzi wasiukaribie ukingo ule."

Pakawa kimya. Wenye mashamba ya juu ndio waliokalia viti vya mbele, na kila mmoja akaanza kutazama kucha zake. Ndovu akasimama kumuunga mkono Kambare, akaeleza kwamba huko Botswana, mwaka 2020, jamaa zake zaidi ya 300 walianguka kando ya madimbwi, na serikali ya nchi hiyo ilipochunguza ikasema chanzo ni hao hao sainobakteria. Maneno yake yalikuwa mazito, na yangeweza kulisukuma baraza kutenda jambo siku ile ile, lau Fisi asingenyanyua mkono.

Fisi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya safari. Hakuna aliyekumbuka kamati hiyo iliundwa lini wala kwa ajili gani, bali wote walijua kwamba ndiyo kamati pekee ambayo haikuwahi kukosa akidi. Aliinama kwa adabu, akawakumbusha waheshimiwa kuwapo kwa Sheria ya Ulinganisho, isemayo kwamba hakuna kiongozi atakayetengeneza kitu kilichoharibika katika ufalme kabla hajasafiri kwenda kuona mfano wake katika nchi nyingine, na kwamba marupurupu ya safari yatapimwa kwa umbali. Ni sheria njema, wala sina neno nayo. Asiyetoka nje ya boma lake hudhani mama yake ndiye mpishi peke yake duniani. Lakini sheria njema nayo huhitaji kuchungwa na mtu asiyekuwa na njaa.

Ndovu akasema basi waende Botswana. Fisi akasikitika, akasema Botswana ni bara hili hili, na posho ya bara hili ni ya kununulia chai tu. Korongo akasema kuna Ghuba ya Winam katika ziwa la magharibi, ambako Mikrosistisi amekuwa akionekana na kuchunguzwa kwa miaka mingi, na wavuvi wa huko wanajua kumtambua kwa macho. Hapo baraza zima lilicheka. Mtu akienda Winam hupanda basi, hula njiani, na akijitahidi hurudi bila kulala nyumba ya wageni hata usiku mmoja. Je, hiyo nayo ni safari au ni kutumwa dukani?

"Waheshimiwa," Fisi akasema, "nimefanya utafiti. Katika nchi ya Brazili, ng'ambo ya Atlantiki, yuko mnyama wa jamii ya mbwa aitwaye Guará. Napendekeza tukamlinganishe yeye na Utando wetu."

Bundi alifumbua jicho moja akauliza mbwa anafanana vipi na utando wa majini. Fisi alikwisha kujiandaa kwa swali hilo. Akasema sheria imetaja mfano bila kutaja mfano wa nini, na sheria ikinyamaza basi imeruhusu. Isitoshe, akasema, mfanano upo kwa mwenye macho: Utando ni wa porini na Guará ni wa porini, Utando hana bwana na Guará hana bwana, wote wawili wana majina ya Kilatini vitabuni, na wote wawili, kwa kadiri alivyoweza kuchunguza, hawalipi kodi. Hoja hii ya mwisho iliwagusa wengi.

Bweha ndiye aliyepinga kwa uchungu zaidi, wala si kwa ajili ya mbuzi. Alisema ni dharau kubwa kuvuka bahari kutafuta mbwa ilhali yeye, mbwa wa nyika hii kwa nasaba na kwa sauti, amekaa mstari wa tatu akiwa tayari kulinganishwa na chochote kwa nusu ya gharama. Aliambiwa kwa upole kwamba nusu ya gharama ndiyo kasoro yake. Hapo Kobe, aliyekuwa mkongwe kuliko mugumo wenyewe, akaomba nafasi, akasema wazee wa Kimeru husimulia jinsi babu zao walivyokuwa utumwani kisiwani Mbwaa, chini ya mabwana waliovaa nguo nyekundu, nao mabwana wakawaamuru walete vitu visivyopatikana, kikiwamo mbwa mwenye pembe, wakishindwa wauawe. Na wale wazee kwa werevu wakambandika mbwa pembe za mnyama mwingine, wakaokoa roho zao. "Babu zao," akasema Kobe, "waliamriwa na adui kumtafuta mbwa wa ajabu. Sisi hatujaamriwa na yeyote." Alipigiwa makofi mengi, maana hadithi ilikuwa nzuri, na hoja ya Fisi ikapita kwa kauli moja.

Uteuzi wa wajumbe ulichukua siku tisa, muda mrefu kuliko jambo jingine lolote katika mkasa huu. Fisi aliongoza. Nyani alikuwa naibu wake kwa kuwa alitishia kususa. Ngiri aliwakilisha upande wa chini ili isisemekane umebaguliwa. Kinyonga aliingia kwa tiketi ya upande wa juu na kwa tiketi ya upande wa chini, akalipwa mara mbili. Kanga alikuwa katibu. Kila mmoja alifuatana na mwenzi wake, na Fisi na wenzi wawili, kwa sababu za kiafya. Kambare aliachwa kwa kuwa beseni halingeruhusiwa ndani ya ndege, Chura kwa kuwa hana suti, na Kobe kwa kuhurumiwa miguu yake. Mbuzi walipouliza kama wanaweza kutuma mmoja wao, waliambiwa kwamba wao ndio walengwa wa faida, na mlengwa hasafiri. Panya alichukuliwa kubeba mabegi.

Walimkuta Guará huko Minas Gerais, mahali pa milimani paitwapo Caraça, penye kanisa na nyumba ya watawa ya zamani, ambapo tangu miaka ya 1980 mapadri wamezoea kumwekea sinia la nyama jioni mbele ya kanisa, naye hupanda ngazi kutoka gizani akala, watu wakimtazama. Wajumbe walikaa kwenye viti wakangoja. Saa zilipita. Hatimaye akatokea, na hata wale waliokuja kwa ajili ya marupurupu tu walishika pumzi, kwani ni kiumbe wa kupendeza mno: manyoya mekundu ya dhahabu, nywele nyeusi shingoni, masikio makubwa, na miguu myeusi mirefu inayompandisha hadi sentimita 90 begani ilhali uzito wake hauzidi kilo 25 au karibu na hapo. Hakuwa mbwa mwitu, hakuwa bweha. Katika jenasi yake yuko peke yake.

Fisi hakuiona miguu. Aliliona sinia. Alimnong'oneza Nyani kwamba hii ndiyo nchi inayojua kumheshimu mheshimiwa, akamwagiza Kanga aandike jambo hilo ukurasa wa kwanza.

Guará aliwapokea kwa ustaarabu wa mtu aliyezoea upweke. Walipomweleza kwamba wamekuja kumlinganisha na uchafu wa bwawani, hakukasirika. Aliwaeleza maisha yake kwa kuwa ndiyo aliyoyajua: kwamba nyumbani kwake ni nyika iitwayo Cerrado, iliyopungua sana kwa kulimwa, kwamba hutembea usiku, kwamba karibu nusu ya chakula chake ni matunda, na tunda alipendalo kupita yote ni la jenasi moja na ndulele zetu za Mbeere, ila lake ni kubwa la kujaza kiganja. Akasema mbegu za tunda hilo huziacha pamoja na kinyesi juu ya vichuguu vya chungu wakata majani, nao chungu huzisafisha na kuzifanya zimee upesi, na hivyo ndivyo mti ule unavyosambaa. Kinyonga alisinzia. Wote walizinduka pale harufu ya mkojo wake ilipopita, maana mkojo wa Guará hunuka bangi, hata katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, polisi waliwahi kuitwa kumsaka mvutaji wakaishia kwenye banda lake. Wajumbe wa nchi ya miraa na wajumbe wa nchi ya muguka, ambao tangu waondoke nyumbani walikuwa wakibishana jani la nani ni bora, walikubaliana kwa mara ya kwanza kwamba hapa pana biashara.

"Lakini wageni wangu," Guará akasema, "kuhusu maji ya kijani mmekosea mlango. Nendeni Caruaru, katika jimbo la Pernambuco. Mwaka 1996 palikuwa na kituo cha kusafishia damu za wagonjwa wa figo, wakaletewa maji kwa lori kutoka bwawa lenye viumbe kama hao mnaowataja, maji yasiyosafishwa ipasavyo, na sumu ikaingia katika damu yenyewe. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa ini. Nchi hii iliona fedheha, na mwaka 2000 ikaweka kanuni kwamba maji ya kunywa yapimwe sumu hiyo. Waliochunguza wameandika yote. Kama kuna jambo Brazili inaweza kuwafundisha, liko huko. Mimi sina la kuwapa zaidi ya mnavyoniona."

Nyani aliuliza kama Caruaru iko ufuoni. Alipoambiwa iko bara, mbali na pwani, aliishukuru hadhara kwa niaba ya ujumbe, akasema ratiba imebana. Kanga aliandika: mwenyeji alitoa nasaha njema. Ni Panya peke yake, aliyekuwa amekalia begi la Fisi nje ya duara, aliyeandika neno kwa neno juu ya kipande cha karatasi, Caruaru, mwaka, lori, ini, kanuni, akampa Kanga akisihi kisipotee. Kanga alikitia katika bahasha ya risiti, mahali alipodhani ni salama. Siku saba zilizobaki walikuwa ufuoni Rio de Janeiro, wakichunguza athari za maji ya chumvi kwa waheshimiwa. Huko ndiko Fisi, alipokuwa akibadilisha fedha, alipoiona noti ya reali 200 iliyotolewa mwaka 2020, na juu yake picha ya Guará amesimama kwa miguu yake myembamba. Inasemekana hakulala usiku ule.

Taarifa waliyorudi nayo ilikuwa na kurasa nyingi na jalada gumu. Nimebahatika kusimuliwa na aliyeisoma, na sitaki kuipita haraka, kwa kuwa kazi ya namna hii haifanyiki kila siku. Sura ya kwanza ilihusu miguu, ikabainisha kwamba Guará ana minne na Utando hauna hata mmoja, ikapendekeza Utando uwezeshwe. Sura ya sauti ilisema Guará hubweka kwa kishindo gizani, lakini Utando, katika muda wote wa uchunguzi, haukulalamika wala kuuliza swali, jambo lililosifiwa kuwa ni utii. Sura ya ndoa iligundua kwamba Guará dume na jike hugawana himaya moja ingawa kila mmoja hutembea peke yake, ilhali Mikrosistisi hugawanyika mwenyewe kuwa wawili bila mshenga wala mahari, na hili likatajwa kuwa tishio kwa mila. Kuhusu rangi, wataalamu walishindwa kukubaliana kama kijani huzidi nyekundu, wakapendekeza uchunguzi zaidi. Kuhusu mbuzi hapakuwa na sura, ila katika shukrani walitajwa kwa ujumla pamoja na madereva.

Ndipo ulipotokea upumbavu ambao hata Fisi hakuutarajia. Baraza lilipoanza kuijadili taarifa ile, swali likageuka kuwa nani bora, Guará au Utando, na swali likishaulizwa hivyo kila mtu hutafuta upande. Wa nchi ya juu wakashikamana na Guará, kwa kuwa alikaa milimani na kula nyama kanisani. Ngiri naye akainuka kwa niaba ya upande wa chini, macho mekundu, akapaza sauti: "Tumedharauliwa vya kutosha! Barabara wamechukua wao, vyeo wamechukua wao, na leo hata Utando wetu unafananishwa na mbwa wa kigeni kisha unaambiwa hauna miguu! Utando ni mtoto wa nyumbani. Anayeutukana Utando anatutukana sisi!" Maneno haya yalifika nyikani kabla ya jua kutua. Wakatokea vijana wenye nyuso zilizopakwa kijani, wakiimba kandokando ya bwawa. Wakatokea wanyama wazima, wenye akili zao, waliokunywa kwenye ukingo ule ule kwa makusudi kuonyesha uzalendo. Mbuzi mmoja jike, aliyekwisha kuwazika wanawe wawili, alipouliza kwa sauti kama kuna ubaya kuusafisha, majirani walimuuliza analipwa na nani.

Wakati huo huo Utando ulikuwa ukifanya kazi yake. Uliobaki bila nafasi ya jua ulikufa, ukazama, ukaoza, na kuoza kukaila hewa iliyomo majini, hata perege wakaelea alfajiri matumbo juu. Kambare alinusurika kwa kuwa ameumbwa na uwezo wa kuchomoa mdomo nje akavuta hewa ya juu. Alikuja tena barazani katika beseni lile lile, akangoja kutwa nzima. Jina lake halikuwa katika orodha ya wasemaji.

Kobe alipewa dakika mbili kwa heshima ya umri. Alisema kwamba amesikia wakilinganishwa wasiolinganika, lakini ikiwa lazima, basi yeye ameona jambo moja ambalo taarifa haikuliona. Mababu wa sainobakteria, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, ndio waliotia oksijeni katika anga ya dunia, na pumzi ambayo mwenyekiti wa kamati ya safari anaitumia kuzungumza ni mkopo wao. Guará naye ameotesha miti ya matunda katika nyika nzima. "Wote wawili," akasema, "wamefanya hayo bila kudai posho. Na huyu wa kwetu hakujileta bwawani. Ameitwa, amelishwa, na waliomlisha wamo humu." Bundi akamkatiza, akasema dakika zimekwisha. Ngiri alitaka Kobe aombe radhi kwa kusema Utando umeletwa, maana Utando ni wa asili. Wa nchi ya juu walitaka aombe radhi kwa neno waliomlisha. Kwa siku moja pande zote mbili zikawa na umoja.

Mkaguzi wa hesabu, Korongo, alipoitisha bahasha ya risiti ili aone fedha zilivyotumika, aliambiwa bahasha imepotea, na ndani yake kilipotelea kipande cha karatasi cha Panya. Panya alijaribu kueleza kwa mdomo yaliyokuwamo, akaulizwa yeye ni mheshimiwa wa kata gani.

Taarifa ilipitishwa. Kati ya mapendekezo yake yote moja tu lilitekelezwa, nalo lilitekelezwa upesi: ufalme ulichapisha noti mpya ya 200, na kwa kuwa haikufaa kuweka juu yake mbwa wa nchi nyingine, iliwekwa sura ya Fisi, amesimama kwa miguu minne ambayo mchoraji alielekezwa airefushe. Noti hiyo ilipoanza kutumika huko nyikani ilinunua mitungi kumi ya maji ya mto Rupingazi, yaliyoteremshwa kila alfajiri na punda wa shemeji yake Fisi. Kiangazi cha pili ilinunua minne. Mbuzi walipolalamika kuhusu bei, Bundi aliitisha kikao cha dharura, na kamati ya safari ikaombwa ipendekeze, kabla ya mwisho wa mwezi, ni nchi gani ng'ambo ya bahari yenye kitu cha kulinganishwa na punda.